Tarehe ya Uvuvi wa Masika katika Mito ya Ruvu na Ngerengere

Katika nchi za kaskazini yuko samaki aitwaye salmoni ambaye, akiisha kukaa baharini miaka kadhaa na kunenepa, huurudia mto aliozaliwa wakati majani ya miti yanapopukutika, akapanda maporomoko mpaka afike penye changarawe atage mayai yake. Na watu wa huko wamemngojea njiani kwa nyavu na mikuki tangu zama za mababu zao. Samaki huyo hatunaye Morogoro, wala jamaa yake trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki, kwani aliletwa Kenya kutoka Uskochi mwaka 1905 na Mwingereza Ewart Grogan, akatiwa katika mito ya milima ya Aberdare. Lakini jambo lenyewe, yaani samaki kuyaacha makao yake kwa ajili ya kizazi na mwanadamu kumvizia safarini, tunalo tangu dahari, ila kwetu mwito wake si baridi bali ni mvua.

Haifai kuutaja uvuvi huo kabla ya kuutaja mlima, maana mlima ndio mama wa riziki hiyo. Safu ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kimepita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huzipokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, zikamwaga mvua upande wa mashariki, kwa watu wa Kinole na Matombo, hata mwaka mzima huko hauishi bila ya maji. Katika safu hiyo ndiko yanakoanza maji ya Mto Ruvu, pamoja na Mgeta na Mvuha inayouongezea nguvu. Na upande wa mji hushuka Mto Morogoro, ukajimwaga katika Ngerengere, na Ngerengere nayo ikauzunguka mlima na kwenda kuungana na Ruvu bondeni, mpaka yote kwa pamoja yakafikia bahari karibu na Bagamoyo. Waluguru wa juu ni wakulima hasa. Wavuvi ni wale wa chini, katika nchi ya Wakutu, Wakwere na Wazaramo, pamoja na Waluguru walioshuka bondeni.

Mvua kubwa ya masika inapoanza mwezi wa Machi, na maji mekundu yakaupita ukingo na kuingia majanini, kambale huondoka katika vina alimojificha wakati wa kiangazi. Huyu ni samaki wa ajabu, kwa kuwa juu ya matamvua yake amepewa kiungo cha kuvutia hewa, hata aweza kukaa ndani ya tope pasipo maji ya kutosha, na usiku wa mvua hujikokota kwa tumbo na miiba ya mapezi yake kutoka dimbwi hata dimbwi. Hutaga usiku, penye maji ya kina cha shibiri moja au mbili, katika nyasi zilizofunikwa punde tu. Mayai hunata katika majani ya nyasi, na kwa joto la nchi yetu hupasuka baada ya siku moja au siku na nusu, ilhali wazazi wamekwisha kurudi mtoni bila ya kuwangoja watoto. Basi mafuriko yakipungua upesi, au nyasi zikiwa zimekwisha kulimwa hata ukingoni, kizazi cha mwaka mzima hupotea kwa usiku mmoja.

Ningu ana tabia nyingine. Yeye hupanda kukabili mkondo, kundi kwa kundi, na mdomo wake ulio chini ya kichwa, aliopewa kwa ajili ya kukwangua ukoga wa mawe, humfaa pia kwa safari: afikapo penye mwamba unaochuruzika maji, hujibana mwambani kwa mdomo na mapezi ya kifuani, akakwea kidogo kidogo mpaka akaupita. Mtu aliyepata kuiona kazi hiyo kwa karibu, samaki wa urefu wa kiganja aking'ang'ania jiwe lenye utelezi na maji yakimpiga usoni, hatasema tena kuwa maporomoko ya Ulaya peke yake ndiyo yenye mashujaa.

Ustadi wa wavuvi wa zamani ulijengwa juu ya maarifa hayo hayo. Chombo chao kikuu kilikuwa mgono, ambao husukwa kwa fito nyembamba au mianzi iliyopasuliwa na kufungwa kwa kamba za miti, mpana kinywani na mwembamba mkiani, na ndani ya kinywa huwekwa kinywa cha pili chenye ncha zilizoelekea ndani, hata samaki aingiapo huzisukuma kwa wepesi, na atakapo kutoka zikamchoma. Kijito kilichozibwa kwa uzio wa matete huachiwa nafasi, na migono hutegwa nafasini: kinywa huelekezwa chini samaki wanapopanda, na mafuriko yanapoanza kurudi nyuma hugeuzwa kuelekea juu, ili kuwanasa warudio. Waliovuliwa hubanikwa juu ya uchanja kwa moshi, wakawa kitoweo cha miezi ya njaa, wakati ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Na hii ndiyo sababu masika, ambayo kwa msafiri ni taabu tupu, kwa mtu wa bondeni ilikuwa ni neema.

Wasafiri walilipita bonde hilo wakaandika zaidi juu ya taabu. Burton na Speke walipita mwaka 1857 mpaka Zungomero, kituo kikubwa cha misafara chini ya Uluguru, ambacho hakingeweza kuwalisha wapagazi wengi namna ile kama si rutuba ya mabonde. Mwaka 1871 Stanley aliufikia mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na kuzungushiwa ukuta kando ya Ngerengere, akakutana na masika yenyewe katika mbuga ya Mkata. Na aliporejea mwaka uliofuata, ukuta wa mbele wa mji ule ulikuwa umechukuliwa na mafuriko. Mto uwezao kubomoa boma ndio uwezao kulijaza bonde samaki, na mambo hayo mawili hayatengani.

Reli ilipofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, papa na ng'onda wa pwani walianza kufika sokoni kwa urahisi, na kambale wa moshi akapata mshindani. Lakini dhara kubwa lilitoka mlimani. Miti ilivyokatwa na miteremko ilivyolimwa, udongo ulishuka mitoni, ukafunika mawe aliyokuwa akila ningu. Serikali ya Kiingereza iliona hatari hiyo, ikaanzisha mwaka 1950 mpango wa kuwalazimisha Waluguru kukata matuta. Lakini amri isiyomsikiliza mwenye shamba haina baraka, na mwaka 1955 watu wa Matombo waliipinga kwa ghasia, mpango ukavunjika na udongo ukaendelea kushuka.

Kisha mji ukataka maji. Mtambo wa Ruvu Juu uliwekwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, kwa ajili ya Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 Bwawa la Mindu likaanza kuunywesha mji wa Morogoro, na sasa linajengwa la Kidunda. Silaumu, maana watu hawana budi kunywa, na perege na kambale wa Mindu wamekuwa kitoweo cha wengi mjini. Lakini ukuta wa bwawa si njia ya ningu, na mto uliotulizwa hauzifuniki nyasi kwa wakati wake.

Wala tusidhani kwamba samaki wa safari hawezi kwisha. Ningu wa Ziwa Viktoria, ambaye alipanda mito ya Nzoia na Kagera kwa wingi usiohesabika, alianza kupungua baada ya nyavu za makila kuingia ziwani mwaka 1905 na kutandazwa midomoni mwa mito, zikimkamata mwenye mayai kabla hajataga. Na hata leo hajarudia wingi wake. Mgono wa kijiji uliwaachia wengi wapite. Wavu mrefu uliokingwa toka ukingo hata ukingo haumwachi hata mmoja, na sumu ya utupa, ambayo sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza kama inavyozikataza sumu zote, huua hata kizazi kilicho majanini.

Nawasihi basi wazee wa vijiji vya Ruvu na Ngerengere, na watumishi wa bonde la maji la Wami na Ruvu, wakae pamoja kabla ya masika ijayo, wakubaliane kwamba majuma ya mafuriko ya kwanza hayategwi nyavu midomoni mwa vijito, na kwamba zile mita 60 za ukingo, ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezikataza zisilimwe, ziachiwe nyasi zake.