Kamba ya Ukingoni

Msomaji wangu, mtaa wa Jamhuri uko upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, kati ya Barabara ya Ngong na Kibera. Mtu akaaye huko ana majirani wawili ambao, kwa mazoea, huenda asiwatambue. Wa kwanza ni msitu, kwa maana Msitu wa Barabara ya Ngong wafika hata leo karibu na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Wa pili ni reli. Usiku magari yanapopungua barabarani, honi ya treni ipitayo Kibera yasikika mpaka vyumbani. Reli hiyo yapanda kwenda Dagoretti, Kikuyu na Limuru, na ingawa njia yake imehamishwa hapa na pale tangu siku za kwanza, shida yake kubwa ni ile ile iliyowakuta waliyoijenga: namna ya kushuka katika Bonde la Ufa.

Katika likizo moja ya Agosti watoto wangu wawili walitaka niwapeleke Kereita, katika msitu ulio karibu na mji mdogo wa Kimende, wakajaribu mchezo wa kuteleza juu ya miti kwa kamba ya chuma. Siku hizi watu huuita ziplaini. Mimi si mpenzi wa mahali pa juu, na ningeweza kutoa udhuru. Lakini mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko Lari, njiani kabisa, aliposikia habari hiyo alisema kwamba naye atakuja. Mzee akishasema atakuja, baba wa watoto hana tena neno.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Nakuru utafika Rironi, nayo njia hugawanyika mara mbili. Ya kushoto hushuka Mai Mahiu, ikipita kando ya kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia waliotumwa kuijenga barabara ile. Ya pili huendelea juu kwa juu, kwenye baridi na ukungu, katika mashamba ya viazi na kabichi ya Lari, mpaka Kimende. Tulimchukua mama mkwe wangu, tukaenda mbele kidogo, kisha tukasimama mahali wasafiri wote wasimamapo. Hapo ardhi yakatika ghafula. Chini yako ni Bonde lote, na ng'ambo ni mlima Longonot umekaa peke yake kama chungu kilichovunjika mdomo. Binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na mitatu alitazama chini kwa kitambo, kisha akauliza swali lililostahili kuulizwa: "Baba, treni ilishukaje hapa?"

Jibu lake ni kwamba ilishuka kwa kamba.

Hebu rudi nami nyuma. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Mei mwaka 1899 ncha yake ilifika mahali pa maji na matope palipokuja kuwa Nairobi, zaidi ya maili 320 kutoka pwani. Kutoka hapo reli ilipanda polepole katika nchi ya Wakikuyu hata ikavuka Limuru, ikatokea ukingoni. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alijua kwamba njia ya kudumu ingepaswa kuzunguka-zunguka ubavuni mwa genge, na kuvuka makorongo kwa madaraja marefu ya chuma. Kazi hiyo ilihitaji muda mwingi, na huku serikali ya Uingereza ilitaka reli ifike Ziwa Viktoria bila kukawia. Kama mataruma na vyuma vingengoja madaraja yaishe, watu wa mbele wangekaa bure kwa miezi mingi.

Basi ikaamuliwa ijengwe njia ya muda. Mahali fulani kati ya Limuru na Kijabe reli ililazwa moja kwa moja kwenye mteremko, jozi mbili sambamba, na mabehewa yakafungwa kwa kamba nene za waya zilizozungushwa juu kwenye magurudumu makubwa yenye breki. Kushuka kwake kulikuwa kwa futi zipatazo 1,500. Njia hiyo iligawanywa sehemu nne, na katika mbili zilizokuwa kali kuliko nyingine, kila futi mbili za kwenda mbele zilikuwa na futi moja ya kwenda chini. Fikiri paa la nyumba, kisha fikiri behewa lililojaa vyuma juu ya paa hilo. Hapo behewa halikuwekwa kwenye reli kwa magurudumu yake lenyewe, maana mzigo ungemwagika. Lilipandishwa juu ya gari lingine la kulibeba, lililoundwa kwa umbo la pembetatu, ili kitako chake kifuate mteremko na mgongo wake ubaki sawa kama meza.

Nalo lilivutwa na nini? Halikuvutwa na mashine. Aliyepata kuteka maji kisimani kwa ndoo mbili na kapi moja aijua kanuni hii: ndoo moja ikishuka, nyingine hupanda. Behewa zito liendalo chini lilivuta behewa jepesi lirudilo juu, na kazi ya watu ilikuwa kuzuia, si kusukuma. Yaonekana rahisi katika maandishi. Lakini weka mkono wako kwenye breki ile asubuhi ya ukungu, chuma kikiwa na umande, na wenzako wakiwa chini usipoweza kuwaona, nawe utajua kwamba katika kazi hiyo sekunde moja ya usingizi ni maisha ya mtu.

Waliofanya kazi hiyo katika reli nzima ni zaidi ya watu 30,000 waliotolewa Bara Hindi kwa mkataba, wengi wao Punjab, pamoja na Waafrika wa pwani na wa bara. Karibu 2,500 wa wale Wahindi walikufa kabla ya kazi kwisha. Vitabu husimulia sana habari za simba wa Tsavo waliokula watu mwaka 1898, nami siwezi kuwalaumu waandishi, kwa kuwa simba hupendeza katika hadithi. Ila maradhi na ajali ziliua watu wengi kupita simba, wala hazikupata msimulizi hodari. Mwishoni mwa mwaka 1901 njia ya kudumu ilikuwa tayari, na ile ya kamba ikaachwa. Desemba ya mwaka huo huo chuma cha mwisho kililazwa ufukoni mwa Ziwa, mahali ambapo sasa ni Kisumu.

Binti yangu alisikiliza, akatazama tena chini, akasema kwamba afadhali kamba ya Kereita. Tukaingia garini.

Msitu wa Kereita ni sehemu ya kusini ya misitu ya safu ya Nyandarua. Una mianzi na miti mirefu ya asili, na mbega weupe kwa weusi, na ndovu hufika huko. Watu wa mchezo walitufunga mikanda mapajani na kiunoni, wakatuvika kofia ngumu na glovu, wakatupandisha kwenye jukwaa la kwanza. Hapo ilinilazimu kuitazama kamba yenyewe, na kwa kuwa hofu hunifanya mdadisi, nikataka kujua ni kwa nini haitaniua.

Tofauti yake na kamba ya reli ni hii. Katika ile ya mwaka 1900, kamba na mzigo vilikwenda pamoja. Katika hii kamba hukaa tuli, imekazwa kutoka jukwaa hadi jukwaa, na mtu huning'inia chini ya kapi lenye magurudumu mawili, akateleza kwa uzito wake mwenyewe. Mteremko wake si wa paa. Katika kila mita mia moja waweza kushuka mita chache tu. Tena kamba yoyote, hata ikikazwa namna gani, hulegea kidogo katikati, basi msafiri hushika mwendo mwanzoni, na karibu na mwisho njia yenyewe humpunguzia kasi. Mistari ya Kereita ikiunganishwa yote yapita kilomita mbili. Mabaharia wetu wa pwani, ambao wamepandisha foromali kwa roda tangu zama za kale, wasingeona la ajabu hapo isipokuwa mtu kujifanya tanga.

Kati ya kamba ile na hii iko ya tatu, na haikuwa mbali nasi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani waliotawala Tanganyika waliitamani mierezi ya Shume, juu katika milima ya Usambara. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig, iliyosifika kwa kazi hiyo, ilijenga njia ya kamba za angani, yapata kilomita tisa, kutoka msituni hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Huko kamba moja nene ilikaa tuli kama reli, na ya pili, nyembamba, ilikwenda ikivuta mizigo iliyoning'inia. Kwa hiyo, msomaji, katika Afrika Mashariki magogo yaliruka juu ya msitu miaka mingi kabla ya watu kuruka kwa furaha. Magogo hayakurudi.

Mchezo wenyewe ulipata umbo lake mbali na hapa, Costa Rica. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi mmoja Mmarekani, Donald Perry, alitaka kuwachunguza wadudu, ndege na mimea ya vileleni, ambavyo mtu wa chini hawezi kuvijua. Alijipandisha kwa kamba na kusafiri juu kwa juu. Wengine wakaona kwamba kilichokuwa kazi kwa mtaalamu chaweza kuwa burudani kwa mgeni, na kufikia miaka ya 1990 wageni walikuwa wakilipa fedha kule Monteverde ili wapitishwe angani. Toka huko mchezo ulienea duniani, hata ukafika Kimende.

Mama mkwe wangu hakupanda jukwaani. Aliketi chini kwenye benchi amejifunika shuka, akiutazama msitu kwa namna ambayo sikuielewa mara moja. Nikashuka kukaa naye, kwa heshima, na pia kwa kuchelewesha zamu yangu.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, na hapa Kereita wenyeji huonyesha mapango ambamo walijificha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 Lari ilishambuliwa, nyumba zikachomwa na watu ndani yake, wanawake na watoto wakiwa wengi wao. Na katika kisasi kilichofuata wengine wengi waliuawa. Chini ya mambo hayo palikuwa na ugomvi wa ardhi, kwa kuwa serikali ilikuwa imewahamisha watu kutoka Tigoni na kuwapa mashamba Lari, wengine wakakubali na wengine wakakataa. Tangu mwaka 1954 watu wa Kiambu na kwingineko walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mtu kuonekana msituni bila ruhusa kulitosha kumfanya apigwe risasi.

Mama mkwe wangu alikuwa mtoto wa miaka minane usiku ule wa Lari. Hakunisimulia usiku ule. Hajapata kunisimulia, wala mimi sijamwuliza. Alinionyesha tu kwa kidole na kusema, "Pale ndipo tulipokuja kuokota kuni. Askari mbele, askari nyuma. Saa yetu ikiisha, filimbi, hata kama kuni hazijatosha. Mama yangu alinikataza kutazama ndani."

"Kwa nini, Mama?"

"Asije mtu akadhani namtafuta mtu."

Kisha akaniuliza ni shilingi ngapi tulizolipa langoni. Nikamwambia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shuka.

Sikuweza kukaa tena. Nilipanda jukwaani, nikamkuta binti yangu amekuwa wa mwisho, kaka yake amekwisha kwenda. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwenye mkanda. Mwongozaji alikagua kulabu mbili za kapi, akazivuta, akamwambia akae kama akaaye kitini. Binti yangu hakuniangalia mimi. Alimwangalia nyanya yake kule chini. Nyanya aliinua mkono. Mtoto akaachia jukwaa.

Sauti ya kapi juu ya waya ni kama ya cherehani iendayo mbio. Nilimwona akipita juu ya korongo, juu ya vilele vya miti, akawa mdogo, kisha ukungu ukamfunika, na kamba ikabaki ikitetemeka mbele yangu. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, kikasikika kipyenga cha upande wa pili: amefika. Zamu ikawa yangu. Nilifumba macho nusu ya njia, na sitasema zaidi ya hapo.

Tuliporejea, nyanya alikuwa ameagiza chai kwa ajili yetu sote. Alimketisha mjukuu wake kando yake, akamfunika nusu ya shuka.

"Huko ndani umeona nini?"

Mtoto akafikiri. "Miti, Nyanya. Na kijito, na mbega wawili wenye mtoto. Kisha ukungu."

"Kijito kiko wapi?"

Mtoto akamwelekeza kwa mkono, naye akageuka kwenye benchi akatazama upande huo, akauliza kama maji yake ni mengi, na mbega walikuwa juu ya mti gani, na kama kutoka pale juu Lari yaonekana.