Matumizi ya nishati ya mwili na uzito

Matumizi ya nishati ya mwili ni jumla ya nguvu ambayo mtu huchoma kwa siku, na hupimwa kwa kilokalori. Kwa watu wazima wengi, asilimia 60 hadi 70 ya nguvu hiyo huenda kwenye kazi ambazo mwenyewe hazioni: mapigo ya moyo, shughuli za ini na figo, ubongo usiolala hata mwenyewe akilala. Kusaga chakula huchukua takriban asilimia 10. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kulima na kubeba ndoo. Anayekula zaidi ya anachochoma huweka akiba ya mafuta na kunenepa. Anayekula pungufu huila akiba hiyo na kukonda. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye matumizi, ambayo kwa miaka mingi yalidhaniwa kupanda sambamba na jasho.

Dhana hiyo ilitikiswa kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma matunda ya porini. Mwaka 2012 Herman Pontzer wa Marekani na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, wanaume 13 na wanawake 17. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, upinde mkononi. Wanawake walitembea karibu kilomita 6, na kazi yao haiishii njiani: mizizi ya kuliwa huchimbuliwa kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi ngumu yenye mawe, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni.

Washiriki walinyweshwa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, zisizo na madhara. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini pamoja na maji tu, kama mkojo na jasho. Oksijeni hutoka na maji na pia na hewa ya ukaa tunayoipumua nje. Kwa hiyo, mkojo uliopimwa katika kipindi cha siku 11 ulionyesha tofauti ya kasi kati ya hizo mbili, na tofauti hiyo ikataja ni hewa ya ukaa kiasi gani imetolewa, yaani nguvu kiasi gani imechomwa. Jibu lilikuwa wastani wa kilokalori 2,649 kwa wanaume na 1,877 kwa wanawake. Ukubwa wa mwili ukizingatiwa, ni sawasawa na Wamarekani na Wazungu wanaoshinda vitini.

Pontzer anaeleza kwamba mwili unaosulubika kila siku hubana matumizi kwingine, kwa mfano kwenye kinga na homoni. Si wote waliokubali. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa mwili hufidia wastani wa asilimia 28 tu ya nguvu inayoongezwa na shughuli. Kwa makadirio hayo sehemu kubwa ya mazoezi bado inahesabika, ila inahesabika kidogo kuliko wengi wanavyotumaini: saa nzima ya kutembea kwa mtu wa kilo 70 huchoma takriban kilokalori 250, na soda moja ya nusu lita hurudisha karibu 200.

Ndiyo maana mizani huyumba zaidi upande wa sahani. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalaza watu 20 kwenye kituo cha utafiti na kuwaruhusu kula watakavyo. Katika wiki mbili za vyakula vilivyosindikwa sana, kila mmoja alikula wastani wa kilokalori 500 za ziada kwa siku, na uzito ukapanda kwa karibu kilo moja.

Kukonda nako kuna gharama. Washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha The Biggest Loser, waliopungua sana kwa muda mfupi, walipopimwa miaka sita baadaye walikuwa wakichoma wakiwa wametulia kilokalori 500 kwa siku pungufu ya zilizotarajiwa, na wengi walikuwa wamenenepa tena.

Umri, kisingizio cha wengi, una mchango mdogo kuliko unavyosemwa. Vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, vilivyochapishwa mwaka 2021, vilionyesha kuwa umetaboli, yaani kasi ya mwili kuchoma nguvu, ukirekebishwa kwa ukubwa wa mwili, hautikisiki kati ya miaka 20 na 60. Kitambi cha mtu wa miaka 40 kitafutiwe sababu nyingine. Baada ya 60 ndipo umetaboli unaposhuka, kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka.