Duka Lisilobagua Hupata Zaidi: Tuitazame Eastlands

Mtu wa Pwani akifika Nairobi upande wa Eastlands, majina ya mitaa humfanya ahisi hajatoka kwao: Majengo, Makadara, Kaloleni, Ziwani. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikusanya watu wa makabila mengi, Waislamu wakiwa wengi, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani na sokoni. Kariokor nayo imepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu vya Kwanza.

Lakini kuishi pamoja ni jambo moja, na kuajiriana ni jingine. Nilipokwenda huko na diploma yangu kutafuta kazi, mwenye karakana mmoja aliniuliza kwetu ni wapi, na kama nitakuwa nikitoroka kila Ijumaa. Hakuniuliza najua kazi gani. Mimi nilikosa kazi, naye akakosa mtu wa kumwekea hesabu.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi au anayeomba kazi kwa sababu ya jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali yake ya HIV. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Duka la watu watatu halimo katika hesabu hiyo, ila katazo la ubaguzi linalihusu.

Faida iko wapi?

Kwanza, wateja. Duka la nguo la Eastleigh lenye muuzaji anayejua Kisomali na mwingine anayejua Kikamba halimpotezi mteja kwa sababu ya lugha. Mama anayenunua nguo za ndani huona raha akihudumiwa na mwanamke mwenzake.

Pili, ufundi. Pale Kamukunji, wanapofua masanduku na majiko, kelele za nyundo huwafanya hata wenye masikio mazima wazungumze kwa mikono. Fundi kiziwi atapungukiwa na nini hapo? Na malipo yakija kwa M-Pesa, ujumbe husomwa, hausikilizwi.

Tatu, kudumu kwa wafanyakazi. Mshonaji anayeruhusiwa kwenda kumnyonyesha mwanawe, au kuswali Ijumaa kisha akafidia saa yake jioni, hana haraka ya kuhama. Kila anayehama huondoka na ujuzi uliomgharimu tajiri wake muda na vitambaa vilivyoharibika.

Nne, zabuni. Serikali hutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hii ni faida ya wamiliki, si ya waajiriwa: angalau asilimia 70 ya wanachama, na uongozi wote, wawe wa kundi husika. Wanaofungua biashara kwa ushirika walifikirie hilo mapema.

Uanzie wapi?

Hakuhitajiki mtaji mkubwa. Uliza kazi kabla ya kuuliza kabila. Mpe kila anayeomba jaribio lile lile. Andika zamu na mishahara mahali pa kuonekana na wote. Weka ubao wa mteremko mlangoni kwa mwenye kiti cha magurudumu. Jifunze ishara chache za salamu na bei. Na mzaha wa kikabila ukianza, ukomeshe siku hiyo hiyo. Ukiuachia, utageuka desturi ya duka.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tuna watoto wanaotafuta riziki Nairobi, na tunaomba wapokewe vizuri. Basi nasi wenye maduka huku Mombasa, Malindi na Lamu tujiulize: kijana wa bara akibisha hodi kutafuta kazi, swali letu la kwanza huwa lipi?