Nani Mwenye Mtaro? Karne ya Halmashauri na Barabara za Dar es Salaam

Chukua Barabara ya Morogoro pale Manzese. Lami ya barabara kuu iko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Njia za katikati, zile za mwendokasi, ziko mikononi mwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART. Njia ya mtaa inayochepuka kuingia Manzese kwa ndani ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Leseni ya daladala na nauli yake hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Taka zilizoziba mtaro, vibanda vilivyojipanga juu ya mifuniko yake na vibali vya nyumba zinazousogelea ni kazi ya Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo. Masika yakianza, shughuli za ofisi zote tano hukutana katika mtaro huo mmoja.

Mgawanyo huo haukupangwa siku moja. Umejengeka kwa zaidi ya miaka mia, na katika muda huo baraza la mji huu limeundwa, likavunjwa, likafufuliwa, likagawanywa na kuvunjwa tena. Kila mara barabara zilibadilika pamoja nalo.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji katika miaka ya 1860, kando ya bandari iliyotulia. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, na mwaka huohuo wakaleta kanuni za ujenzi zilizoelekeza nyumba ya namna gani ijengwe sehemu gani ya mji. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikwishaanza kupima eneo la Waafrika magharibi mwa mji kwa mitaa iliyonyooka. Vita vilipokuja, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na ndipo likaitwa Kariakoo. Anayetembea leo kati ya Msimbazi, Sikukuu na Kongo bado anafuata mistari ileile ya mpimaji.

Waingereza waliunda Mamlaka ya Mji mwaka 1920. Ilikuwa mamlaka ya maofisa, na wakazi hawakuichagua. Mji ukagawanywa katika kanda tatu ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku uwanda wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Kanda hizo ziliamua pia nani apate lami, taa na mifereji mapema, na nani aendelee kukanyaga mchanga na matope. Mwaka 1929 daraja la Selander lilivuka mkono wa bahari kuelekea Oysterbay na Msasani, likapewa jina la mhandisi John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye makazi ya Wazungu ilipata daraja la kudumu, na Uswahilini iliendelea kusubiri.

Mwaka 1949 mji ukawa manispaa, ukapata meya na baraza. Mwaka huo pia kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam Motor Transport, maarufu kama DMT, ilianza kubeba abiria. Sensa ya 1957 ilihesabu wakazi 128,742. Mji ulikuwa unapanuka kuelekea Magomeni, Ilala na Temeke, na mfanyakazi wa bandarini hakuweza tena kwenda kazini kwa miguu kama zamani. Kuanzia hapo suala la barabara likawa pia suala la basi: linapita wapi, linasimama wapi, nauli yake kiasi gani.

Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha umeya alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanazuoni wa Kiswahili, mwaka 1960. Desemba 10, 1961, siku moja baada ya uhuru, Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji. Baraza lililokuwa chombo cha maofisa na wafanyabiashara likawa mahali ambapo diwani wa Kariakoo angeweza kusimama na kuhoji kwa nini mtaa wake haujamwagwa changarawe.

Nafasi hiyo haikudumu. Mwaka 1972 serikali ilitangaza sera ya madaraka mikoani, na mabaraza ya miji yakafutwa. Kazi zake zikapelekwa kwa wakurugenzi wa mikoa na wilaya, na jiji likagawanywa katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke. Lengo lilikuwa kuipeleka serikali karibu na mwananchi wa kijijini, na kwa nchi ambayo wengi wa watu wake waliishi vijijini lilikuwa lengo la haki. Mjini matokeo yalikuwa mengine. Mfereji wa maji ya mvua, gari la taka na kiraka cha lami vilipoteza mwenye dhamana mmoja. Idadi ya watu ilipanda kutoka 272,821 katika sensa ya 1967 hadi 843,090 mwaka 1978, na mashimo yakaongezeka nayo. Kipindupindu kilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1970, hali ya mitaro na taka haikuweza kufichwa tena. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya muda ya kurudisha mabaraza ya miji.

Usafiri ulipita tanuri lilelile. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi yake marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yaliyoungwa katikati na kuitwa kumbakumba, wazee wa jiji wanayakumbuka hadi leo. Lakini fedha za kigeni zilipokauka, vipuri vikakosekana, na mabasi mengi yakabaki gereji. Pengo likajazwa na magari ya kificho, yakiwamo yale ya chai maharage ambamo abiria walikaa wakitazamana. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kutoa huduma hiyo kwa kibali. Daladala zikashika mji, na mpaka leo sehemu kubwa ya wakazi huzitegemea.

Sheria za serikali za mitaa za 1982, zilizoanza kazi kikamilifu 1984, ziliyapa mabaraza msingi mpya. Zilichoshindwa kuyapa ni fedha za kutosha. Kodi za halmashauri zilikuwa ndogo, na jiji sasa lilikuwa na zaidi ya watu milioni moja. Wenye magari wa wakati huo walijifunza kuendesha kwa kukwepa mashimo. Msaada wa Japani katika miaka ya 1990 ulifufua baadhi ya barabara kubwa za jiji, ila mitaa ya ndani ilibaki na hali yake.

Katika miaka hiyohiyo watu wa Hanna Nassif, mtaa wa makazi yasiyopimwa huko Kinondoni, walionyesha njia nyingine. Mtaa wao uko kwenye mteremko unaoelekea bonde la Msimbazi, na kila masika maji yaliingia majumbani. Kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, wakazi wenyewe walipewa mikataba ya kazi. Walichimba mitaro kwa majembe na sururu, wakapanga mawe, wakamimina zege na kutengeneza njia za kupitisha gari. Wake kwa waume walilipwa kwa kazi hiyo, na kaya zilichangia. Halmashauri haikujenga peke yake, ila ilibidi iwepo: mtaro wa Hanna Nassif usingefaa kitu kama maji yake yasingeunganishwa na mfereji mkubwa unaosimamiwa na jiji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna mfano bora zaidi wa kazi halisi ya halmashauri katika barabara, yaani kuunganisha kilicho mlangoni kwa mtu na mfumo wa mji mzima.

Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji. Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikashika hatamu hadi mwaka 2000. Iliziba mashimo, ikabomoa vibanda vya kando ya barabara na kuwaingiza wakandarasi binafsi katika uzoaji wa taka. Wengi waliisifu kwa kasi yake. Wenye vibanda waliikumbuka kwa maumivu, maana hawakuwa na diwani wa kuwasemea.

Baada ya tume ulikuja muundo wa ngazi mbili: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji yenye kazi za uratibu. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Mfuko wa Barabara ulikuwa umeundwa upya ili tozo ya mafuta itunze barabara badala ya kuishia katika matumizi mengine. TANROADS ilianza kazi Julai 2000, na kwa miaka mingi asilimia 30 ya fedha za mfuko zilielekezwa kwa barabara za serikali za mitaa. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaeleza wazi zipi ni za taifa na zipi ni za wilaya. Wahandisi wa manispaa walipanga kazi, madiwani wakapitisha bajeti katika kikao cha wazi, na mwananchi aliyetimuliwa vumbi alijua pa kwenda.

Mwaka 2017 mkondo ukageuka tena. TARURA ilianzishwa na kuzinduliwa Julai mwaka huo, ikikabidhiwa mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000 nchi nzima. Wahandisi wa barabara wakahama kutoka halmashauri kwenda wakala. Hoja yake ilikuwa nzito: halmashauri nyingi zilikosa wataalamu, mitambo na usimamizi mzuri wa mikataba, na fedha zilisambazwa vipande vidogo mno. Madiwani nao walikuwa na hoja. Wananchi waliendelea kuwalalamikia kuhusu barabara ambazo hawakuwa tena na bajeti yake. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, jambo lililoongeza uwezo wa wakala bila kurudisha sauti ya baraza.

Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Jiji la Dar es Salaam la ngazi ya juu, na Ilala ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji. Leo mkoa una halmashauri tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, na Ubungo na Kigamboni zilizoongezwa baadaye, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Hakuna tena baraza moja la madiwani la mkoa mzima, ingawa Mto Msimbazi unapita katika zaidi ya halmashauri moja na mafuriko ya Jangwani yamefunga Barabara ya Morogoro mara nyingi, yakifika hadi karakana ya mwendokasi.

Miradi mikubwa imeleta mabadiliko yanayoonekana. Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kwa mkopo wa dola milioni 300 wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2015, ulijenga barabara za mitaa zenye mitaro, taa na njia za waenda kwa miguu katika maeneo ambayo yalikuwa hayajawahi kuwa nazo. Vijana wa vyuo na wakazi walishiriki katika Ramani Huria, wakipita mtaa kwa mtaa kuchora mitaro na sehemu zinazofurika. Kazi ya kulinyanyua daraja la Jangwani imo katika mpango wa Bonde la Msimbazi.

Linalobaki ni matunzo. Kabla mkandarasi hajaondoka, halmashauri na TARURA ziandikiane nani anazoa mchanga wa mtaro, mara ngapi kwa mwaka na kwa fedha ya kifungu kipi, na makubaliano hayo yasomwe mbele ya madiwani kila bajeti. Meneja wa TARURA wa wilaya ahudhurie kikao hicho akiwa na orodha ya barabara na mitaro, ajibu maswali, na majibu yake yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.