Mafundi wa Reli na Vitabu Vyao

Anayetaka kujua Wahindi wa Nairobi walivyotunza sanaa na fasihi yao huelekezwa Parklands au Ngara, penye mahekalu ya marumaru na kumbi za jumuiya. Mimi nimeanzia Makongeni, na sababu yangu ni reli. Mtaa huu ulijengwa na shirika la reli kwa wafanyakazi wake Waafrika, kati ya Barabara ya Jogoo na njia ya gari moshi inayoutenga na Eneo la Viwanda. Wahindi hawakuishi hapa. Utawala wa kikoloni uliwagawa watu wa reli kwa rangi: Mzungu alikuwa na nyumba zake, Mhindi zake, na Mwafrika alipangiwa Muthurwa na Makongeni. Kazini mambo yalikuwa mengine. Seremala kutoka Punjab na kijana wa Nyanza au Ukambani walikutana kila asubuhi ndani ya karakana zile zile, wakasikia king'ora kimoja, na jioni kila mmoja akashika njia ya kwao. Humo ndimo ilimoanza njia ninayoifuata.

Kati ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walikuwa Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa kazini, kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Mikataba ilipokwisha wengi walirudi makwao, na waliochagua kubaki walikuwa kama 6,700. Mtu wa mkataba hana nafasi ya kubeba mengi, kwa hiyo utamaduni wake ulikuja ukiwa kichwani na kifuani: nyimbo za ibada, mashairi ya mapenzi na ya msiba, hadithi za mashujaa, na lugha yenyewe. Kalasinga wa reli walijenga gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada, huko Makindu mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa njia ya Mombasa hukaribishwa humo kula bila kuulizwa dini wala kabila. Watu husifu chakula cha Makindu, na kinastahili sifa, lakini kilichonivuta mimi ni kazi nyingine ya majumba haya. Gurdwara lilikuwa pia shule ya maandishi ya Kigurmukhi (hati ya Kipunjabi), darasa la tabla na hamonia, na baraza la washairi, ambapo fundi aliyeshinda akipiga randa aliweza kusimama mbele ya wenzake jioni akasoma shairi alilolitunga mwenyewe.

Fundi mmoja wa aina hiyo aliitwa Sudh Singh. Alifika Kenya mwaka 1920, akafanya kazi ya useremala katika reli, na baadaye akafungua kiwanda kidogo cha kuchapa mjini Nairobi. Mwanawe Makhan Singh, aliyezaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, aliletwa Nairobi mwaka 1927. Alisoma katika shule ya serikali ya Wahindi ambayo leo ni Jamhuri High School, kisha akaingia kazini katika mtambo wa baba yake. Tunamkumbuka, pale tunapomkumbuka, kama baba wa vyama vya wafanyakazi. Wachache wanajua kwamba ujanani alikuwa mshairi wa Kipunjabi, akitunga na kusoma mbele ya watu. Mimi naona mambo haya mawili hayatengani. Aliyezoea kusimama mbele ya mafundi waliochoka na kuwashika kwa maneno hakuona ugeni wowote aliposimama mbele yao kuzungumzia mishahara.

Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoanza kama chama cha Wahindi, na chini yake mlango ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 mafundi waligoma kwa siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara kwa asilimia 15 hadi 22. Mgomo ule uliendeshwa kwa karatasi. Vikaratasi vya kuwaita watu mkutanoni vilichapwa kwa lugha za Bara Hindi na kwa Kiswahili, na herufi za risasi zilizopanga mashairi ndizo zilizopanga madai ya wafanyakazi. Hapo ndipo ninapoiona taasisi ya kwanza ya utamaduni katika njia hii, nayo ni chumba chenye mashine ya chapa, wino na fundi anayejua kusoma hati zaidi ya moja.

Kutoka Makongeni hadi Kaloleni ni mwendo mfupi wa miguu. Kaloleni ilijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940, nyumba za mawe zilizozungukwa na uwanja na miti, na katikati yake ukumbi wa jamii ambao wenyeji husema kwa fahari kwamba siasa za Kenya zililelewa humo. Tarehe 23 Aprili 1950, Kenya African Union na East African Indian National Congress waliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi huo. Makhan Singh alikuwa amerudi kutoka India miaka mitatu kabla, baada ya Waingereza kumweka kizuizini huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1949 alikuwa ameanzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi pamoja na Fred Kubai. Siku ile alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na akaudai mara moja. Viongozi wengi wakati huo walikuwa bado wanaomba viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa, na siku iliyofuata Nairobi ikaingia katika mgomo mkuu. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi aliimaliza Lokitaung, Maralal na Dol Dol.

Nimekaa na tarehe ile ya Kaloleni kwa sababu ya tarehe nyingine. Wiki mbili tu kabla, tarehe 9 Aprili 1950, Maulana Azad, waziri wa elimu wa India huru, alianzisha mjini Delhi Baraza la India la Uhusiano wa Kitamaduni. Baada yake zilifuata Sangeet Natak Akademi ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1953, kisha Sahitya Akademi ya fasihi na Lalit Kala Akademi ya sanaa za uchoraji na uchongaji mwaka 1954. Waziri Mkuu Nehru mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Sahitya Akademi, ambayo leo inatoa tuzo kwa waandishi wa lugha 24, Kipunjabi na Kigujarati zikiwamo. Ni taasisi kubwa, zenye bajeti ya serikali, zilizojengwa na taifa lililokuwa limekwisha kushika hatamu zake. Wahindi wa Nairobi hawakuwa na taifa la kuwajengea. Walikuwa na michango ya mafundi na wenye maduka, na walijenga wakiwa chini ya serikali iliyokuwa tayari kufunga mashine ya chapa kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Ukifuata Barabara ya Jogoo kuelekea mjini, ukapita uwanja wa City Stadium na kuingia Landhies Road, unaacha Gikomba kulia na Muthurwa kushoto. Mbele yake ni River Road na mitaa ya biashara ambayo Wahindi ndio waliokuwa wenye maduka yake. Katika eneo hili kila jengo la zamani lina hadithi ya karatasi. Manilal Desai, aliyefika Kenya mwaka 1915, aliendesha gazeti la East African Chronicle, na ofisi na mtambo wake vikamsaidia Harry Thuku alipounda chama chake cha siasa mwaka 1921. Desai alifia Bukoba mwaka 1926. Wenzake walimkumbuka kwa kujenga ukumbi na maktaba yenye jina lake katika barabara ambayo leo ni Tom Mboya. Si mbali na hapo maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, nguzo za mawe na simba wawili mlangoni, kwa ajili ya Wazungu peke yao. Jumba la Desai lilikuwa dogo na la kawaida, lakini lilikuwa na kitabu, gazeti na nafasi ya kukutana kwa watu ambao McMillan isingewaruhusu kupanda ngazi zake.

Sitaram Achariar, mwandishi mwingine wa mji huo, alikuwa na mtambo uliochapa Muigwithania, jarida la Kikuyu ambalo Jomo Kenyatta alilihariri kuanzia 1928. Girdhari Lal Vidyarthi, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Colonial Times mwaka 1933, likitoka kwa Kiingereza na Kigujarati. Alitoa pia magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho. Katika miaka ya 1940 alifungwa jela kwa kosa la uchochezi, na zaidi ya mara moja. Napenda kutafakari hilo gazeti la lugha mbili. Kurasa za Kigujarati zilimpa mwenye duka habari za kwao, mashairi na hadithi, na kurasa za Kiingereza zikamwandama gavana. Msomaji mmoja alishika vyote viwili mkononi. Anayesimulia utamaduni wa Wahindi wa Afrika Mashariki kwa kutaja mavazi, harusi na bizari tu anaacha nje gazeti hilo, nami naona kuwa ameacha kiini.

Njia inapanda mlima kidogo na kufika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mahatma Gandhi alipouawa mwaka 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka. Mwaka 1954 waliamua kuunganisha mchango huo na chuo cha ufundi kilichokuwa kinajengwa na serikali, kwa makubaliano kwamba kingepokea wanafunzi wa rangi zote, na Royal Technical College ikafunguliwa mwaka 1956. Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India, alikuja mwaka huo kwa sherehe za kumbukumbu ya Gandhi. Chuo kile ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu ya Gandhi ipo, na maktaba yenye jina lake ipo. Sina hakika kama mwanafunzi wa Eastlands, upande wa Makongeni na Kaloleni, anayekaa humo akijiandaa kwa mtihani amewahi kuambiwa kwamba sehemu ya jengo lake ilitokana na kapu la michango lililopitishwa madukani.

Humo chuoni pia zimehifadhiwa karatasi za Makhan Singh. Baada ya kufunguliwa hakupewa kazi wala cheo katika nchi aliyoidai kabla ya wengi, akakaa kuandika, na mwaka 1969 ikatoka historia yake ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi 1952. Alifariki Mei 1973. Zarina Patel, mjukuu wa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ndiye aliyetumia miaka kuzipitia karatasi hizo na kutoa wasifu wake mwaka 2006. Pamoja na Zahid Rajan alikuwa akihariri jarida la Awaaz, ambalo tangu mwanzo wa karne hii limechapisha historia, mashairi na hoja za Wakenya wenye asili ya Asia Kusini, na kuandaa tamasha la sanaa la Samosa. Mwaka 2000 Makumbusho ya Taifa yalikuwa na maonyesho makubwa ya urithi wao yaliyoratibiwa na Sultan Somjee. Shiraz Durrani naye, mkutubi kwa taaluma, ameandika juu ya magazeti na matbaa za wakati wa ukoloni kwa undani ambao sijauona kwingine. Watu hawa hawakungoja ruzuku ya Delhi wala ya Nairobi.

Lugha yenyewe, hata hivyo, inapungua. Amarjit Chandan alizaliwa Nairobi mwaka 1946, mwana wa Gopal Singh Chandan, mpiga picha aliyekuwa pamoja na Makhan Singh katika chama cha wafanyakazi. Leo ni mmoja wa washairi wakubwa wa Kipunjabi, anaishi London, na shairi lake limechongwa kwenye jiwe katika barabara kuu ya mji wa Slough. Nairobi, alikozaliwa, haina jiwe kama hilo. Vijana wa jumuiya hizo huzungumza Kiingereza, Sheng na Kiswahili kuliko lugha za babu zao, na vitabu vya Kigurmukhi na Kigujarati vinabaki kwenye rafu za gurdwara na kumbi bila msomaji. Siwalaumu. Lugha hutumika pale inapopata kazi.

Kuna kinachoendelea kwa sura nyingine. Shan Cinema ya Ngara, iliyokuwa ikionyesha filamu za Kihindi, sasa ni Sarakasi Dome, na vijana wa Eastlands hujifunza humo sarakasi na ngoma. Kaloleni nako maktaba ya mtaa imefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambalo limeshughulikia pia McMillan na maktaba ya Makadara. Hapa nina ombi la wazi. Mashairi ya Kipunjabi ya Makhan Singh yatafutwe na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na toleo hilo lipelekwe Kaloleni, ambapo alisimama tarehe 23 Aprili 1950. Chuo Kikuu kina karatasi zake, gurdwara za Nairobi bado zina wazee wanaosoma Kigurmukhi, na Eastlands ina washairi wanaojua kupanga mistari. Kazi ya aina hii inahitaji mzee mmoja wa Kipunjabi na mshairi mmoja wa Kiswahili wakae meza moja kwa miezi kadhaa, na mchapishaji mmoja wa Nairobi akubali kuwangojea.