Hongo ya Njia ya Tabora

Sisi watu wa pwani tukilitaja neno hongo leo hupunguza sauti, maana ni rushwa. Babu zetu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora walilitamka hadharani. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: mwenye msafara humpa mtemi merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba, ndipo aruhusiwe kupita na kuteka maji. Katika Ugogo, ambako maji ni haba, mapatano hayo yaliweza kuchukua siku kadhaa, na huku chakula cha wapagazi kinakwisha. Tena zilikuwako faini. Aliyevunja mwiko wa nchi, hata kwa kutojua, alitozwa zaidi.

Msafara wenye bunduki nyingi uliweza kubishana. Mdogo haukuwa na la kusema, na ndiyo maana wadogo walingoja wakubwa wapate kuandamana nao.

Sasa tazama Unyanyembe, nchi yenyewe ya Tabora. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, mrithi wake Mnywa Sere aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu. Je, waliuza mbuzi wapate kulipa? La! Walimwondoa kwa vita wakamsimamisha Mkasiwa, na Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akivizia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865.

Mnyonge hana njia hiyo. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, asiye na rupia alilipa kwa jasho lake. Wakaja Waingereza, na kwa sheria ya mwaka 1926 watemi wakapewa mamlaka chini ya serikali; walikuwa pia na mabaraza ya kuhukumu. Ada na faini za mabaraza hayo ziliingia katika hazina ya wenyeji, na hazina hiyo hiyo ndiyo iliyomlipa mtemi mshahara. Sisemi kila mtemi alikuwa dhalimu. Lakini ni mpango gani huu, hakimu kula katika kisanduku kinachojazwa na hukumu zake? Wanazuoni wetu walitaka kadhi alipwe na Baitulmali, asitazamie kitu kwa wenye kesi.

Sheria ya mwaka 1963 iliyaondoa mabaraza hayo, zikaja mahakama za mwanzo. Hata hivyo hukumu nyingi zilibaki na sura moja: lipa faini au nenda jela. Kwa mwenye duka hilo ni jambo la dakika moja. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, ambaye fedha humfikia msimu wa kuuza tu, akihukumiwa wakati wa kupalilia, kwake faini ile ni kifungo.

Iko Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya kijamii badala ya kifungo kifupi. Iko pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa asiyeweza kumlipa wakili. Jirani yako akiitwa mahakamani, mwulize kama amezisikia, asije akauza baiskeli yake kabla ya kuuliza.