Perovskaiti: Kwa nini sola hii mpya haijadumu kama silikoni?

Paneli nyingi za sola unazoziona juu ya mapaa ni za silikoni. Mpinzani wake mkubwa anaitwa perovskaiti. Ni rahisi kutengeneza, lakini ina tatizo moja: ndani yake hakutulii.

Ni kitu gani?

Jina linatokana na madini yaliyogunduliwa milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Zile za sola hutengenezwa maabara, nyingi zikiwa na risasi na iodini. Huyeyushwa na kupakwa kama wino, bila lile joto kali la kuandaa silikoni.

Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walitengeneza seli iliyobadilisha asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za maabara zimevuka asilimia 26.

Shida iko wapi?

Kwenye silikoni, elektroni ndizo zinazosafiri, atomi zinabaki mahali pake. Kwenye perovskaiti, ioni za iodini nazo zinahama.

Ni kama abiria kwenye daladala. Mmoja akihamia kiti kilicho wazi, anaacha chake, na mwingine anakikalia. Joto na mwanga huongeza kasi ya kuhama huko. Yaani jua lenyewe linachangia kuichakaza sola.

Madhara yake

• Ioni hurundikana pembezoni mwa seli na kuvuruga njia ya umeme.

• Iodini ikifikia tabaka la madini ya fedha linalokusanya umeme, hulila taratibu.

• Iodini ikichanganywa na bromini, mwanga unaweza kuzitenganisha.

Gizani, baadhi ya ioni hurudi zilikotoka, na seli hupata nafuu kidogo. Ndiyo maana kuipima kwa taa isiyozimwa hakutoi picha kamili ya maisha yake juani.

Kuna dawa?

Watafiti huongeza sizi ili kuimarisha fuwele, huziba nafasi zilizo wazi na kuweka tabaka za kuzuia ioni na unyevu. Mwaka 2024, kampuni ya Oxford PV ilianza kusafirisha paneli zenye perovskaiti juu ya silikoni.

Paneli za silikoni huja na dhamana ya miaka 25 hivi. Kwa hiyo ukikutana na tangazo la perovskaiti yenye nguvu kuliko zote, usiishie kwenye asilimia. Uliza: dhamana yake ni miaka mingapi?